Inveta inazimika friji ikiwaka: anzia kwenye nyaya

Dada wa Mbagala, nimekuelewa: umeme ukikatika, inveta yako (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1000 na betri ya volti 12 inabeba taa na feni, ila friji ikiwaka tu inalia na kuzima. Friji inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Kwa volti 12, wati 1000 ni zaidi ya ampea 80! Nyaya za kutoka betri hadi inveta zikiwa nyembamba, volti inashuka, inveta inadhani betri imeisha. Yangu ilipona nilipofunga nyaya nene na fupi. Ikigoma bado, kapimishe betri.

Tafadhali, usichomeke inveta kwenye soketi ya ukutani: umeme unaweza kurudi nguzoni ukamuua fundi wa TANESCO. Swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa TANESCO na wa inveta ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.