Je, Jua ndilo linalotikisa ardhi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, tangu tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipobomoa nyumba zetu hapa Bukoba, nafuatilia kila habari ya matetemeko. Nimesoma kwamba fizikia ya takwimu huyaweka matetemeko kundi moja na dhoruba za sumaku, yaani misukosuko ya uga wa sumaku wa Dunia inayoletwa na Jua. Je, Jua ndilo linalotikisa ardhi? Na hesabu hiyo yaweza kututajia siku? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Poleni sana kwa yaliyowapata. Jua silo linalotikisa ardhi, ingawa wengi hudhani kwamba mambo mawili yakifuata kanuni moja, basi moja limezaa jingine.

Fizikia ya takwimu ilianzia kwenye gesi, ambamo hakuna awezaye kufuata mwendo wa kila molekuli, lakini hali ya zote kwa pamoja hupimika. Vivyo hivyo, hatuoni kila ufa ulio chini ya miguu yetu, ila matetemeko tunaweza kuyahesabu. Mwaka 1944 Beno Gutenberg na Charles Richter, waliochunguza matetemeko ya California, walionyesha kwamba kwa kila tetemeko la ukubwa wa 6 hutokea takriban 10 ya ukubwa wa 5 na 100 ya ukubwa wa 4.

Dondosha punje za mchele mezani, moja baada ya nyingine, mpaka lipatikane lundo. Kwa muda mrefu zitateleza punje mbili tatu tu; kisha punje moja, isiyo na tofauti yoyote na zilizotangulia, itaporomosha upande mzima. Watafiti wa Oslo walilijaribu jambo hili mwaka 1996 na kuona kwamba mchele wa punje ndefu ndio unaofuata vizuri kanuni hiyo ya madogo mengi na makubwa machache.

Uga wa sumaku wa Dunia nao hulimbikiza nishati ya upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zitokazo kwenye Jua, kisha huiachia kwa mikupuo. Mwaka 2011 mtafiti Georgios Balasis na wenzake walitumia aina ya entropia (kipimo cha mvurugiko wa mfumo) iliyopendekezwa na mwanafizikia Constantino Tsallis mwaka 1988, ambayo inafaa pale sehemu za mfumo zinapoathiriana hata zikiwa zimetengana kwa mbali, wakakuta dhoruba za sumaku na matetemeko yana umbo moja la hesabu. Hata hivyo, kilicholimbikizwa ni tofauti kabisa: kwenu ni mkazo wa miamba katika Bonde la Ufa linalozidi kutanuka, ilhali dhoruba ya Machi 13, 1989, iliyozima umeme Quebec, Kanada, kwa takriban saa 9, ilitoka kwenye Jua.

Ama kuhusu siku, haitajiki. Wingu la chembe likifyatuka kwenye Jua, kwa kawaida huchukua siku 1 hadi 3 kutufikia, hivyo mitambo ya umeme yaweza kuandaliwa. Tetemeko halitoi muda huo. Hesabu hutoa uwezekano wa miaka mingi, na kwa uwezekano huo mhandisi hukadiria nondo na uimara wa ukuta kabla msingi haujachimbwa.