Shahada ya uzamili ya teknolojia ya ufundishaji: jibu kwa mwalimu asiyejua kuandika programu

Ndugu yangu, umeuliza kama mwalimu wa darasani asiyejua kuandika programu za kompyuta anaweza kusoma shahada ya uzamili ya teknolojia ya ufundishaji, na achague chuo kwa kigezo gani. Nami niliisoma nikitokea darasani. Kuhusu programu, ondoa hofu, kwa kuwa kuendesha kozi kwenye Moodle (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni) au kuhariri video ni mambo utakayojifunza humohumo masomoni.

Uzito wa shahada hii uko kwenye swali la jinsi mtu anavyojifunza. Utakutana na ngazi za malengo ya kujifunza alizozipanga Benjamin Bloom mwaka 1956, na matukio tisa ya ufundishaji, yaani hatua za kuendesha somo, ya mwanasaikolojia Robert Gagné, na utausoma mjadala ulioanzishwa na mtafiti Richard Clark mwaka 1983, aliyeshikilia kwamba chombo cha kufundishia, kama video au kompyuta, hubeba somo tu, na kinachomfanya mtu ajifunze ni mbinu ya kufundishia; Robert Kozma alimpinga, na hoja za wote wawili zinastahili kusomwa kwa utulivu. Kwangu mimi huo ndio moyo wa fani yenyewe.

Nikupe mfano. Tulitengeneza somo lenye mchoro, sauti ya msimulizi, na maneno yaleyale ya msimulizi yakiwa yameandikwa kwenye skrini. Tulipokaa kimya kando ya mwanafunzi aliyelijaribu, tuliona macho yake yakikimbilia maandishi, akayamaliza kabla ya sauti, akabonyeza kitufe cha kuendelea huku mchoro hajautazama. Mwanasaikolojia wa elimu Richard Mayer ameeleza kwa utafiti kwa nini marudio ya namna hiyo huelemea akili. Tulipoyaondoa maandishi, aliyefuata aliufuatilia mchoro hadi mwisho.

Kwa hiyo, unapopitia mtaala wa chuo, tafuta kozi za uchambuzi wa mahitaji, usanifu wa masomo na tathmini, na uone kama wanafunzi hulazimika kujaribu kazi zao kwa walengwa halisi. Tathmini ndiyo hupuuzwa zaidi: Donald Kirkpatrick alitaja ngazi nne za kutathmini mafunzo, yaani mwitikio, ujifunzaji, tabia na matokeo, lakini wengi huishia kuuliza kama washiriki wamelifurahia somo. Mtaala uliojengwa juu ya majina ya programu za kompyuta sikushauri kuuchagua, maana programu hizo hubadilika upesi. Ukiwa na nia ya kuendelea hadi uzamivu, chagua njia ya tasnifu. Ukitaka ajira ya usanifu wa mafunzo, mradi wenye mteja halisi utakufaa zaidi, kwa sababu waajiri huomba kuona kazi ulizokwisha kuzifanya.

Kabla ya kulipa ada, iandikie idara uombe kuonyeshwa miradi ya wahitimu wake, kisha uulize kila mradi ulijaribiwa na nani na ukarekebishwa wapi baada ya jaribio hilo. Idara isiyoweza kukujibu hayo, iache utafute nyingine.