Sabuni ikiwa nyepesi mchana, shika kipimajoto kabla ya chumvi

Wanaoanza kutengeneza sabuni ya maji hapa Malindi huharibu mapipa kwa njia ileile. Saa nane mchana, chini ya mabati, joto la Kaskazi limepanda. Sabuni inaonekana nyepesi, chumvi inaongezwa. Alfajiri inakutwa imeganda kama uji uliolala, na chupa haitoi kitu.

Chumvi haikuwa imepungua. Molekuli ya ungarol, malighafi kuu ya kusafisha na kutoa povu kwenye sabuni hii, ina kichwa chenye chaji hasi kinachopenda maji, na mkia unaoyakimbia. Mikia hujificha pamoja katikati na kufanya misela, kijidonge cha nanomita chache tu. Vichwa husukumana kwa chaji zao, kwa hiyo misela hubaki ndogo na ya mviringo, na mchanganyiko hutiririka kama maji. Chumvi hupunguza msukumano huo: vichwa husogeleana, misela hurefuka ikawa kijiti, kisha uzi mrefu. Nyuzi zikisokotana, sabuni huwa nzito. Joto hufanya kinyume. Nyuzi hukatika vipande vifupi na kufumuka upesi. Ikipoa hurefuka tena.

Kwa hiyo pima kwenye nyuzijoto 25 (Selsiasi) kila mara. Chota sampuli ya gramu 200, iache mpaka povu litoke (hewa iliyonaswa hudanganya jicho), kisha weka chupa ndani ya beseni la maji na barafu kidogo, ukikoroga polepole mpaka kipimajoto kisome 25. Yeyusha gramu 20 za chumvi kwenye gramu 80 za maji. Tia gramu 5 za maji hayo ya chumvi kwenye sampuli, koroga, rudisha kwenye 25, halafu hesabu sekunde sabuni inazochukua kupita kwenye faneli. Usibadilishe faneli. Rudia, ukiandika kila hatua. Kila gramu 5 kwenye sampuli ni gramu 500 kwenye pipa la kilo 20.

Sekunde zitapanda, zitafika kilele, kisha zitaanza kushuka. Simama kabla ya kilele. Ukikipita, nyuzi huota matawi na makutano yake huteleza, sabuni inalegea upya, na mgeni wa kazi huongeza chumvi tena akidhani haijatosha. Mwisho inakuwa na ukungu na kujitenga. Chumvi haitoki tena. Dawa ni kuongeza ungarol iliyoyeyushwa kwenye maji yasiyo na chumvi, yaani unalazimika kutengeneza sabuni nyingi kuliko ulivyopanga.

Maji ya visima vya karibu na bahari yana chumvi yake tayari, kwa hiyo vipimo vya rafiki anayetumia maji ya bomba havitakufaa. CDE, malighafi ya mafuta ya nazi ya kuongeza uzito na povu, nayo hurefusha misela: itie kwanza, chumvi ifuate.

Angalia pia aina ya malighafi. Hayo ya joto ni ya sabuni zenye chaji. Zile zisizo na chaji, zenye minyororo ya etilini oksaidi, hugeuza kanuni: joto likipanda, maji yanayoshikamana na vichwa huachia, misela hukua, mpaka mchanganyiko mzima unakuwa na ukungu. Triton X-100, mojawapo ya hizo, hufika hapo kwenye nyuzijoto 65 hivi, na chumvi nyingi hushusha kiwango hicho. Ukungu huo ukitokana na joto peke yake, acha ipoe, utaondoka wenyewe.