Isikilize Written in Waters kwanza

Wewe unayesema blaki metali ya Norwe, ule muziki wa roki mzito na mkali, ni makelele yaleyale, tafuta Written in Waters ya bendi ya Ved Buens Ende, ya mwaka 1995. Ndiyo albamu kamili pekee waliyotoa, na hata mashabiki wengi wa muziki huu huipita tu. Besi ya Skoll, mpiga besi wao, haijafukiwa chini ya magitaa. Inatembea zake, unaifuata noti kwa noti. Carl-Michael Eide anapiga dramu kama mtu wa jazi: anachelewesha, anakwepa, halafu ghafla anaachia kasi. Na anaimba, jamani! Anaimba kabisa, sauti nzito yenye ulevi kidogo. Gitaa la Vicotnik, hilo linakwaruza masikio makusudi. Mara ya kwanza itakukera. Irudie kwa hedifoni kabla hujahukumu.