Treni ya mvuke ya mbao: maliza magurudumu kwanza, boila litasubiri

Mkuu wa Njombe, salaam. Umesema unachonga kichwa cha treni ya mvuke kwa mbao, unataka mikono ya pembeni (zile fimbo zinazoshika magurudumu) icheze magurudumu yakizunguka, lakini kazi yako inakwama kila mara mahali palepale. Umeuliza pia mbao ipi inafaa. Mimi nipo Mbeya, hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote baada ya ajira, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, hasa hapo penye kukwama.

Kabla ya yote, angalia unachonga injini gani. Michoro mingi ya intaneti ni ya treni za Uingereza na Marekani. Huku kwetu reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa 1976, ilikuja na dizeli za Kichina. Wazee wanaosimulia moshi na mvuke waliuona Reli ya Kati. Ushauri wangu ni injini za aina ya 30 (class 30) za East African Railways. Ziliundwa Glasgow na kampuni ya North British miaka ya 1950, zikapewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Namba 3020 inaitwa Nyaturu, na imehifadhiwa makumbusho ya reli Nairobi, kwa hiyo picha zake zipo za kutosha. Jina la watu wa Singida ubavuni mwa chuma kile kikubwa! Mimi kila nikilichonga lile bango dogo la jina nasikia fahari. Magurudumu yake ni 2 mbele, 8 ya kuendesha katikati, na 4 nyuma. Ukichonga kwa kipimo cha 1 kwa 20, reli yetu ya mita 1 inakuwa sentimita 5 kamili, na hesabu nyingine zote zinakuwa nyepesi.

Sasa kukwama. Kwenye injini halisi, pini za magurudumu ya kulia, yaani vijiti ambavyo mikono hushikwa navyo, hazilingani na za kushoto; zimepishana robo ya mzunguko. Sababu ni kwamba pistoni, kile kipande kinachosukumwa na mvuke, ikifika mwisho wa silinda, mkono wake unakuwa umenyooka kuelekea katikati ya ekseli, na hapo hata ukisukuma kwa nguvu zote gurudumu halizunguki. Upande wa pili wakati huo uko katikati ya safari yake, ndio unaovusha. Kwenye mbao zetu hakuna mvuke, lakini robo hiyo bado ina kazi, kwa sababu mikono ya kuunganisha (inayofunga gurudumu moja na jingine) ya upande mmoja ndiyo inayoyashikilia magurudumu pale mikono ya upande mwingine inaponyooka.

Fanya hivi. Toa mikono yote ya upande mmoja, zungusha; kisha irudishe, utoe ya upande wa pili, zungusha tena. Ikiwa bado inakwama, matundu ya mikono hayalingani na umbali wa ekseli. Ikiwa kila upande peke yake unazunguka laini na kukwama kunarudi ukiweka pande zote mbili, robo zako zinatofautiana kutoka ekseli moja hadi nyingine. Kumbuka hili: si lazima iwe nyuzi 90 kamili. Zikiwa 88 kwa ekseli zote 4, treni itatembea vizuri. Ekseli moja ikiwa 90 na jirani yake 87, itakung'ang'ania. Kwa hiyo usipime kwa macho. Tengeneza kiolezo kimoja cha mbao ngumu: pini ya kushoto inalala kwenye kizuizi kilicho usawa wa ekseli, ya kulia inaegemea kizuizi kilichosimama wima juu ya ekseli. Gundisha gurudumu la pili likiwa ndani ya kiolezo, na ekseli zote zipite humohumo.

Matundu nayo yana dawa yake. Bana fremu mbili pamoja kwenye jiriwa, toboa ekseli zote kwa mkupuo mmoja, kisha tumia fremu hiyohiyo kuongoza drili unapotoboa mikono. Hapo hata kosa la nusu milimita litakuwa lilelile kila mahali, na halitakusumbua. Mkono wa kuunganisha usiwe fimbo moja ndefu. Ugawe vipande 3 vyenye maungio, kama ilivyo kwenye injini yenyewe, ili kila ekseli iweze kupanda na kushuka kidogo.

Mbao. Mikono na pini, mpingo. Tafuta mabaki kwa wachonga vinyago, na uvae barakoa kwa sababu vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Fremu, mninga. Boila (lile pipa la kuchemshia maji) na chumba cha dereva, mkangazi. Msindano wa Sao Hill unatosha kwa violezo na kwa tenda, lile behewa la makaa na maji nyuma ya injini. Mabaki ya mafundi wa samani pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, yanatosha treni nzima, huna haja ya kununua ubao.

Ila hali ya hewa yetu uiheshimu. Mbao iliyonunuliwa masika ikagundishwa, ikifika Julai kwenye baridi kavu itasinyaa. Na husinyaa kwa upana, kwa urefu wa nyuzinyuzi za mbao karibu haisogei. Ndiyo maana gurudumu lililokatwa kwenye ubao mmoja huwa yai baada ya miezi michache. Gundisha tabaka 3 nyembamba, nyuzinyuzi zikipishana. Mbao zako zikae ndani, zimepangwa juu ya vijiti zipitiwe na hewa, msimu mzima ukiweza.

Boila usikereze kutoka gogo moja lenye kiini katikati, litapasuka. Unga vibao 12, kila ukingo ukirandwa nyuzi 15, zungushia vipande vya mpira wa tyubu hadi gundi ikauke. Bomba, taa, ngazi na vishikio ni kazi ya raha, utavifanya huku unasikiliza redio.

Anza na jaribio la kutoa mikono ya upande mmoja. Kisha weka hapa picha za pande zote mbili, magurudumu yakiwa yamesimama pale yanapokwama, pini zote 8 zionekane. Nitakwambia ni ekseli ipi ya kung'oa.