Zamu za Usiku, Saa ya Mwili na Saratani ya Matiti: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 41 na nimefanya zamu za usiku kwa miaka 16, mara nyingi zamu saba mfululizo, kisha napumzika siku chache na kuanza tena. Mwaka jana mama yangu mkubwa aligundulika kuwa na saratani ya matiti akiwa na miaka 63. Tangu hapo kila mtu wodini ananiambia kwamba zamu ya usiku ndiyo inayoleta ugonjwa huo, na mwenzangu mmoja ameniambia kuwa zipo jeni za saa ya mwili ambazo zikiwa na kasoro humweka mfanyakazi wa usiku katika hatari kubwa zaidi. Je, ni kweli? Nikapime jeni hizo? Au niache kabisa kazi ninayoipenda?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi hata ule wa mchana. Katika yote uliyoniandikia sioni sababu ya wewe kuacha uuguzi. Ninachokiona ni sababu nzuri ya kuzungumza na msimamizi wako kuhusu zile zamu saba mfululizo, na nitaeleza kwa nini.

Hofu uliyoisikia wodini haikuzuka hewani. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani na lina makao yake Lyon, Ufaransa, lilikutanisha wataalamu waliopitia tafiti za wakati huo, wakaiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili, yaani mtambo wa ndani unaoupangia mwili saa za kulala na kuamka, katika Kundi 2A, yaani kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani kwa binadamu ingawa ushahidi wake haujakamilika. Mwaka 2019 suala hilo lilipitiwa upya na kazi ya usiku ikabaki katika kundi hilohilo. Nchini Denmark, baada ya tamko la kwanza, baadhi ya wanawake waliougua saratani ya matiti baada ya kufanya kazi za usiku kwa miaka 20 au zaidi walilipwa fidia kama watu walioumizwa na kazi yao. Hata hivyo, makundi ya shirika hilo hupima uzito wa ushahidi tu, wala hayapimi ukubwa wa hatari. Nyama nyekundu nayo imo katika Kundi 2A, na hakuna anayeilinganisha na sigara, iliyomo katika Kundi 1.

Ukubwa wa hatari wenyewe ndipo watafiti wanapovutana. Wauguzi wenzako ndio waliochunguzwa kwa muda mrefu kuliko wote. Nchini Marekani, utafiti mmoja ulioanza mwaka 1976 uliwaandikisha wauguzi wapatao 121,700, na taarifa yake ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba waliofanya zamu za usiku za kubadilishana kwa miaka 30 au zaidi walikuwa na hatari iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 36. Kundi la pili, la wauguzi wenye umri mdogo zaidi, lilianza kufuatiliwa mwaka 1989, na kufikia mwaka 2006 ongezeko kwa waliokesha miaka 20 au zaidi lilikuwa asilimia 79. Kisha mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walijumlisha tafiti kumi zenye wanawake milioni 1.4, na hawakuona ongezeko lolote, hata kwa waliofanya kazi za usiku kwa miaka 20 na zaidi.

Msomaji anaweza kukata tamaa hapo na kusema wataalamu hawajui wanachosema. Mimi nadhani tofauti hiyo inaelezeka. Wengi wa wanawake waliohesabiwa katika ule utafiti wa Uingereza walikuwa wamekaribia umri wa miaka 70, na walikuwa wameacha kazi za usiku zamani. Mwaka 2017 wale wauguzi wa Marekani waliangaliwa tena, na jambo lilelile likajitokeza: katika kundi la wazee, ongezeko lilikuwa limefifia kadiri miaka ya kustaafu ilivyopita, lakini katika kundi la vijana, waliokuwa wamekwisha kukesha miaka 20 au zaidi utafiti ulipoanza walikuwa na hatari zaidi ya maradufu. Mwaka mmoja baadaye, watafiti waliounganisha takwimu za wanawake wapatao 13,000 kutoka nchi tano waliona ongezeko kwa wale ambao hedhi yao ilikuwa haijakoma. Kwa hiyo, kama hatari ipo, na mimi naamini ipo, inawahusu zaidi wanaokesha kwa miaka mingi tangu ujana wao, na inaelekea kupungua mtu anapoacha.

Usiziogope asilimia hizo kabla ya kujua ni asilimia ya nini. Tuseme kati ya wanawake 100 wa umri wako, wawili wangepata saratani ya matiti katika miaka kumi ijayo. Ongezeko la asilimia 36 halimaanishi kwamba wanawake 36 zaidi wataugua. Maana yake ni kwamba wale wawili watakaribia kuwa watatu. Huyo wa tatu ni mtu, na simdharau hata kidogo, lakini waliobaki 97 nao hawapaswi kuishi kama waliokwisha kuhukumiwa.

Sasa tuje kwenye jeni. Saa ya mwili ina kituo chake kikuu ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapokutana, kwenye fundo la seli za neva zipatazo 20,000. Lakini karibu kila seli ya mwili, zikiwamo za titi, ina saa yake ndogo. Inavyokwenda ni hivi: protini za jeni mbili, CLOCK na BMAL1, hushikana na kuziamsha jeni nyingine zinazoitwa PER na CRY. Protini za PER na CRY hujikusanya taratibu, na zikishakuwa nyingi hurudi ndani ya kiini cha seli na kuzizima zilezile zilizoziamsha. Baadaye huvunjwavunjwa, zuio likaondoka, na mzunguko ukaanza upya baada ya takriban saa 24. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuufumbua mtambo huu kwa kuwachunguza inzi wadogo wa matunda. Saratani inaingia hapa kwa sababu mtambo huohuo unasaidia kupanga ni saa ngapi seli igawanyike na ni saa ngapi irekebishe vinasaba vilivyoharibika. Panya walioharibiwa jeni ya PER2 katika maabara walipata uvimbe wa saratani kwa urahisi zaidi kuliko wenzao baada ya kupigwa mionzi.

Kwa binadamu, mwenzako hakukudanganya, ila amekimbilia mbele mno. Watafiti wa Norway waliowachunguza wauguzi, na wa Ufaransa waliochunguza wanawake wa kazi mbalimbali, waliona kwamba maumbo fulani ya jeni za saa ya mwili yaliambatana na saratani ya matiti, mengine hasa kwa waliofanya kazi usiku. Shida ni kwamba umbo linaloonekana muhimu katika utafiti mmoja mara nyingi halionekani hivyo katika mwingine, na athari yake ni ndogo sana. Ukipima jeni hizo leo, hakuna daktari atakayeweza kukupa ushauri tofauti na ule ninaokupa hapa. Usitoe fedha zako. Jeni zenye uzito wa kupimwa ni nyingine, BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu, takriban wanawake saba kati ya kumi hupata saratani ya matiti kabla ya kufikisha miaka 80. Mama mkubwa mmoja aliyeugua akiwa na miaka 63 hatoshi peke yake kutia shaka ya hitilafu hiyo. Wakiwapo ndugu wengine wa damu waliougua, hasa kabla ya miaka 50, au aliyeugua saratani ya ovari, mweleze daktari wako.

Kinachonishughulisha zaidi kuliko jeni zako ni taa. Wewe, saa tisa za usiku, umesimama chini ya taa nyeupe ukisoma maandishi madogo kwenye kichupa cha dawa. Nyuma ya jicho lako zimo seli zisizokusaidia kuona, ambazo kazi yake ni kuupasha ubongo habari kwamba kumekucha, na mwanga wa samawati ndio unaozichokoza zaidi. Zikichokozwa, melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku na ambayo ingekuwa juu kabisa saa hizo, hushuka. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2005, watafiti walichukua damu ya wanawake mchana, usiku wakiwa gizani, na usiku baada ya kumulikwa na taa kali, kisha wakaipitisha katika uvimbe wa saratani ya matiti ya binadamu uliopandikizwa kwa panya. Damu ya gizani ilipunguza kasi ya ukuaji wa uvimbe. Ile ya waliomulikwa haikufanya hivyo. Nikikumbuka jaribio hilo huwafikiria wauguzi.

Sikuambii uzime taa ya wodi, kwa kuwa mgonjwa anahitaji usome dawa yake sawasawa. Nasema uzipunguze zamu zinazofuatana. Utafiti wa wauguzi wa Norway uliona ongezeko la hatari hasa kwa waliofanya zamu sita au zaidi za usiku mfululizo kwa miaka mitano au zaidi, na wewe unafanya saba. Omba zisizidi tatu, na omba ratiba iende mbele, kutoka asubuhi hadi jioni hadi usiku, badala ya kurudi nyuma. Ukifika nyumbani, chumba kiwe na giza la kweli, na watu wa nyumbani waelewe kwamba usingizi wako wa saa nne asubuhi ni sawa na wao kulala saa nne usiku. Uzito uliozidi, pombe na kutofanya mazoezi vina ushahidi mzito zaidi wa kuhusika na saratani ya matiti kuliko zamu zenyewe, na kukesha kunaweza kuvichochea. Muulize daktari wako ni lini uanze kupigwa picha ya matiti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila baada ya miaka miwili kati ya miaka 50 na 69 pale huduma zinaporuhusu, lakini historia ya familia inaweza kuwahisha. Uvimbe mpya, ngozi ya titi iliyobonyea au chuchu inayotoa damu havisubiri tarehe ya kipimo.

SWALI: Nilifanya kazi kiwandani usiku kwa miaka miwili, nikaacha miaka tisa iliyopita. Je, nimekwisha kujidhuru? Na je, vidonge vya melatonini vinaweza kunikinga?

JIBU: Ndugu msomaji, ongezeko lililoonekana katika tafiti nilizozitaja hapo juu liliwahusu hasa waliokesha kwa miaka mingi, na lilififia walipoacha. Miaka miwili iliyokwisha kitambo haipaswi kukukosesha raha. Vidonge vya melatonini huwasaidia baadhi ya watu kupata usingizi, lakini hakuna utafiti uliothibitisha kwamba humkinga mwanamke na saratani ya matiti, kwa hiyo usivinywe kwa lengo hilo.