Sahani Nyeusi na Nyeupe Kwenye Maji ya Winam

Swali la juma hili lilikuwa: je, safari za masomo katika sekondari za kimataifa humfunza mwanafunzi chochote, au ni matembezi ya kulipiwa ada? Jibu langu ni kwamba humfunza pale tu anapoondoka shuleni akiwa na swali moja linaloweza kupimwa, na chombo cha kulipima mkononi. Basi likisimama Dunga, ufuo wa Kisumu, wanafunzi wakashuka na simu zao, wakaelezwa habari za samaki na magugumaji, wakala, wakarudi, hayo ni matembezi. Hayana ubaya wowote, ila yasiandikwe kwenye ratiba kuwa ni somo la biolojia.

Tuchukue swali linalowafaa wanafunzi wa Kisumu: kadiri mtu anavyouacha mdomo wa Mto Nyando na kuingia ndani ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, maji yanazidi kuwa maangavu au la? Nyando hushuka na udongo kutoka upande wa Nandi, ukapita uwanda wa Kano, ukaumwaga ghubani. Kila mtu Kisumu anajua hivyo kwa macho. Kazi ya mwanafunzi ni kulitia jambo hilo katika sentimita.

Chombo chake ni sahani ya Secchi, inayoshushwa majini kwa kamba hadi isionekane, iliyopewa jina la Angelo Secchi, padri na mwanafalaki wa Italia aliyeijaribu katika bahari ya Mediterania mwaka 1865. Ya ziwani huwa na upana wa sentimita 20. Kifuniko kigumu cha ndoo ya plastiki kinatosha: kikatwe mviringo, kigawanywe robo nne, zipakwe nyeusi na nyeupe kwa kupishana. Rangi iwe isiyong'aa, kwa sababu rangi ya kung'aa hurudisha jua machoni na kumdanganya msomaji. Katikati litobolewe tundu la kamba, na chini ifungwe bolti nene au kipande cha chuma cha kilo moja hivi. Kamba ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Ya nailoni huvutika zaidi ikilowa, kwa hiyo ilowekwe kwanza, ivutwe, ndipo itiwe alama, kisha zikaguliwe kwa futi ya fundi kila kabla ya safari. Karibu na Kisumu sahani mara nyingi hupotea kabla ya kufika mita 1, kwa hiyo mita tatu za kamba zinatosha, lakini alama ziwe kila sentimita 5. Alama za kila nusu mita, wanazonakili wengine kutoka vitabu vya maziwa maangavu, hapa hazina maana.

Kabla ya kufika ziwani, sahani ijaribiwe shuleni ndani ya pipa la lita 200 lililokorogwa udongo. Hapo ndipo wanafunzi wanagundua kwamba wawili wanaotazama sahani moja hawasomi namba moja. Afadhali wagundue hayo uwanjani kuliko ndani ya mashua inayolipiwa kwa saa.

Ziwani, vipimo vichukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu. Kusema kweli saa sita ndiyo iwe mwisho, maana mchana upepo wa ziwa huamka na mawimbi huvunja picha ya sahani. Mashua itie nanga, injini izimwe, wasubiri dakika tano tope lililotibuliwa litulie au lipite. Msomaji ainame upande wenye kivuli cha mashua, bila miwani ya jua. Aishushe sahani polepole hadi ipotee, asome kamba pale inapogusana na maji. Aishushe zaidi kidogo, aivute hadi ionekane tena, asome. Ikipotea kwenye sentimita 64 na kuonekana kwenye 58, kipimo ni 61. Wasomaji watatu wafanye hivyo kila kituo, yaani kila mahali mashua inaposimama kupima, kila mmoja akimnong'onezea mwandishi namba yake ili wenzake wasiisikie. Mwandishi atumie penseli. Wino ukirushiwa maji unakwenda zake.

Kosa linalojificha zaidi ni kamba iliyolala. Mkondo ukiisukuma sahani hadi kamba iegemee nyuzi 30 kutoka wima, kamba ya sentimita 80 inamaanisha kina cha sentimita 69 tu. Dawa ni kuongeza uzito, si kukisia. Kosa la pili ni sahani kugusa chini ingali inaonekana. Hapo hakuna kipimo, na daftari liandike hivyo hivyo.

Kuna jambo sahani haiwezi kulisema: kilichochafua maji ni tope au mwani? Kila kituo wajaze chupa angavu, waandike jina la kituo, waiache imesimama mezani hadi kesho yake. Udongo hujikusanya chini kama unga wa kahawia. Mwani wa kijani-buluu, ambao umezoeleka ghubani, mara nyingi huelea na kufanya pete ya kijani shingoni mwa chupa. Mwanafunzi akiziona chupa mbili hizo zimekaa pamoja, ndipo anaelewa kwa nini namba zake hazikupanda sawasawa alivyotarajia.

Usalama hauna mjadala. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, na mwendesha mashua awe mvuvi anayezijua njia za viboko. Asiyekuwa na sababu asitie miguu majini, kwa kuwa konokono wa ufuoni hubeba kichocho. Utando wa kijani usiguswe bila glavu, kwa maana baadhi ya mwani huo una sumu.

Mambo ya alama za mtihani nayapitia haraka. Kwenye IB, mtaala wa kimataifa wa diploma, ripoti ya uchunguzi wa biolojia haizidi maneno 3,000 na ina asilimia 20 ya alama za somo. Kwa Cambridge IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari, karatasi ya 6 ya biolojia huuliza vyanzo vya makosa na namna ya kuyapunguza. Aliyewahi kupigana na kamba iliyolala hahitaji kukariri jibu.

Walimu huteleza kwenye CAS, ile sehemu ya IB ya ubunifu, mazoezi na huduma. Haipewi alama, lakini bila hiyo diploma haitolewi, na kazi iliyokwisha kuhesabiwa kwenye somo haihesabiwi tena huko. Ripoti ni ya biolojia. Kuwapelekea kamati ya BMU, kikundi kinachosimamia ufuo na uvuvi wake, matokeo kwa Kiswahili na Kijaluo, kuwafundisha vijana wa pale kutengeneza sahani yao na kuendelea nao kwa mwezi mzima au zaidi, hiyo ni huduma.

Na safari moja haitoshi, hata ikiwa nzuri namna gani. Wapime Februari kabla ya masika, kisha Aprili mto ukiwa umejaa: vituo vile vile, saa ile ile, wasomaji wale wale, kamba ikiwa imekaguliwa upya.